Ekseli ya Gari la Mikate

Fundi alivaa tai kazini. Nataka hilo lijulikane kabla ya mengine, maana mtu akisikia kwamba nilikaa miaka kumi na mmoja jirani na gereji ya Bwaise, atadhani nilimzoea mtu wa ovaroli na mikono myeusi tu. Ovaroli alikuwa nayo, na mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Lakini ndani ya ovaroli kulikuwa na shati la kola, na kwenye kola kulikuwa na tai nyekundu iliyokolea, ambayo aliitumbukiza kati ya kifungo cha pili na cha tatu ili isinaswe na feni ya injini. Ilishanaswa mara moja. Mimi ndiye niliyeikata kwa mkasi wangu, yeye akiwa ameinamia injini, shavu juu ya betri, akinisihi nikate karibu na feni, si karibu na fundo.

Siku nyingine nilimwuliza kwa nini haiachi nyumbani.

"Nnyabo," akasema, yaani mama kwa lugha yake, "daktari akimpasua mtu, anavaa nini?"

Nikamwambia sijawahi kuona daktari anayepasua watu akiwa na tai.

"Basi ndiyo sababu wanakufa," akasema, akarudi chini ya gari.

Mimi ni mshonaji. Nilifika Kampala kutoka upande wa Bukavu nikiwa na mume, watoto wawili na cherehani ya mkono, na tulipata chumba kwenye Barabara ya Bombo kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Mvua ikinyesha, maji ya Bwaise huingia ndani bila kubisha hodi. Baraza yangu ilitazamana na uwanja wa Fundi, tukitenganishwa na mabati matatu ambayo mafuriko yaliyachukua kila mwaka na Fundi akayarudisha kila mwaka, kila mara akiyasogeza hatua moja upande wangu. Nilipomlalamikia alisema maji ndiyo yanayopima viwanja, yeye anafuata tu.

Tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa Kiganda changu kilikuwa cha sokoni tu, na Kifaransa changu yeye alikiita kukohoa. Kiswahili chake alikipata kwa madereva wa Kenya na kwa askari, na herufi zake aliziweka mahali alipopenda. Gari lilikuwa gali, lakini ilikuwa rakini, na kulala ilikuwa kurara. Nikimsahihisha alinihurumia. "Nyinyi Wakongo mnaimba," alisema. "Mimi naongea."

Nikisema alikuwa mwoga simsengenyi. Angekubali mwenyewe, tena kwa fahari, kama mtu anayetaja kijiji chao. Aliogopa radi. Aliogopa sindano, hata zangu za kushonea. Alimwogopa shemeji yake aliyekuja kila mwezi kutoka Masaka kuuliza kwa nini nyumba haijapigwa rangi. Aliogopa bata bukini wa katekista jirani yetu, dume moja jeupe lenye shingo ndefu ambalo lilijua kwamba linaogopwa na hivyo likaja kila asubuhi kumtembelea. Nimemwona mzee wa miaka hamsini na kitu, anayeinua injini kwa mnyororo na kuishusha bila kumwaga tone, akiwa amepanda juu ya boneti na kunipigia kelele nimletee ufagio.

Na aliwaogopa wanajeshi, kama sisi sote. Katika miaka ile hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Mtu aliitwa na watu wawili wenye miwani myeusi, akaingizwa nyuma ya gari, na mkewe akabaki akiuliza kambi hii na kambi ile mpaka alipoambiwa aache kuuliza. Kwa hiyo buti zilipolia barabarani Fundi aliteleza chini ya gari lolote lililokuwa karibu, hata kama lilikuwa halina ubovu. Nilizoea kujua mambo ya barabarani kwa kuangalia miguu yake: ikiwa imechomoza chini ya gari na haitikisiki, niliwaita watoto ndani.

Kituko kingine ni kwamba hakuweza kupanda gari. Tumbo lilimkataa. Alilitengeneza, akaliwasha, akaegemeza sikio kwenye mwiko alioushikiza kwenye injini (mwiko wangu, ambao haukurudi jikoni tena), akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akamwachia mwenye gari aliendeshe mwenyewe. Yeye alikwenda kwa miguu. Kanisani kwa miguu, mjini kwa miguu, mpaka Entebbe kwenye mazishi kwa baiskeli ya kuazima. Akibanwa sana apande, alikaa dirishani na kopo mapajani.

Basi mtu huyo, mwenye tai na kopo, ndiye aliyeletewa gari la Afande.

Ilikuwa kama miaka miwili baada ya Wahindi kufukuzwa. Maduka ya vipuri yalikuwa na watu wapya nyuma ya meza, na rafu zilikuwa na vitu ambavyo watu hao hawakujua majina yake, halafu zikawa hazina kitu kabisa. Sukari ilipotea, sabuni ikapotea, na nyuzi za kushonea nilianza kuzifumua kutoka kwenye nguo kuukuu. Siku hiyo lori la jeshi liliburuta uwanjani gari kubwa jeusi la Kiingereza, la enzi za wakoloni, la aina ile inayokaa juu ya fremu nzito kama ya lori. Nililitambua kabla halijasimama. Lilikuwa la yule Mhindi mzee aliyekuwa akiniuzia nyuzi na vifungo. Alilipenda kiasi kwamba Jumapili alilipeleka likatazame ziwa. Sasa gurudumu lake la mbele la kushoto lilikuwa limelala ubavu kama mguu wa kuku aliyekanyagwa, na mwenye gari alikuwa kapteni wa jeshi, huyo Afande, kijana mrefu mwenye sauti ndogo. Sikuuliza amelipataje. Hakuna aliyeuliza.

Miguu ya Fundi ilikuwa chini ya gari jingine. Afande aliipiga kidogo kwa ncha ya buti.

"Toka, mzee. Mimi hapana kula watu."

Fundi akatoka. Akalizunguka gari mara mbili, akainama, akaingiza kichwa kwenye tundu la gurudumu, na nikaona jambo ambalo nililiona tena mara nyingi baadaye. Woga ulimtoka. Sijui ulikwenda wapi. Alisimama wima akafuta mikono, akaongea na yule mwenye bastola kama mwalimu anayeongea na mtoto aliyerudia darasa.

"Uripita shimo kwa haraka," akasema.

"Ndiyo."

"Shimo riko Wandegeya."

"Wewe najua namna gani?"

"Gali zote za mbio zinavunjika pare. Afande, mkono wa chuma umekatika, na mkono kama huu hakuna Kampala. Hakuna Nailobi pia. Rakini nitaweka ekseri nzima. Moja. Itakuwa gali ya nguvu."

Afande hakuuliza maana yake. Alisema jambo moja tu, na alilisema akiangalia pembeni. "Mama yangu naumwa. Iko nyumbani, kule kaskazini. Hapana weza kupanda lori ya jeshi, mgongo nakataa. Ijumaa ijayo saa nane mimi nachukua gari, naleta mama hospitali. Ijumaa. Umesikia?"

Fundi alisikia. Wote tulisikia, mpaka ng'ambo ya barabara, ingawa sauti ilikuwa ndogo.

Ngoja nieleze alichokusudia, maana nilielezwa mara nyingi mno nikiwa na pini mdomoni na siwezi kujibu. Gari lile kwa mbele halikuwa na ekseli. Kila gurudumu lilikuwa na mikono yake ya chuma na springi yake ya kujiviringisha, likipanda na kushuka bila kumwuliza mwenzake. Fundi aliamua kuondoa vyote, pamoja na chuma kizito kilichovishikilia, na kubakiza mbao mbili za fremu, kama alivyoziita, ingawa ni chuma. Chini yake angeweka ekseli moja iliyonyooka kutoka gurudumu hadi gurudumu, ikining'inia kwenye springi za majani yaliyopangwa moja juu ya jingine, kama za lori.

Ekseli hiyo alikuwa nayo. Nyuma ya uwanja wake, matopeni, lililala gari la kusambazia mikate lililokufa zamani, na kuku wangu walitaga ndani yake. Alilifungua siku mbili. Alitoka na ekseli mabegani akiwa amepaka matope mpaka kwenye tai, akaishusha mbele ya baraza yangu ili niitazame vizuri.

"Hii imebeba mikate miaka kumi," akasema. "Haijamwaga hata mmoja."

"Na sasa itabeba mwanajeshi."

"Itabeba mama wa mwanajeshi," akasema. "Ni mkate ure ure."

Kazi ile ilimchukua siku zote alizopewa. Aliliweka gari juu ya vigogo vinne, akamwaga maji kwenye sahani, akaiweka sahani juu ya fremu kuona kama imelala sawa. Alikata chuma cha zamani kwa moto, akasugua mahali palipokatwa mpaka pakang'aa. Alichomelea vishikio vya springi, mbele vya kukaza na nyuma vya kucheza, kwa sababu jani la springi likibanwa pande zote mbili linavunjika. Kisha akaning'iniza ekseli, na hapo ndipo aliponiita mimi na uzi wangu.

"Shika hapa," akasema, akinipa ncha moja, "usicheke."

Nilichuchumaa nyuma kwenye gurudumu la kulia, yeye akavuta uzi kwa mshazari mpaka mbele kushoto, akafunga fundo. Tukabadilishana pembe, akapima tena. Fundo halikufika. Upana wa kidole ulipungua. Akagonga, akapima. Akagonga, akapima. Ekseli ikikaa upande, alisema, gari litakwenda kama mbwa anavyokimbia, kichwa huku na makalio kule. Tulipima mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano mafundo yalikutana, akaubusu uzi wangu, akaniachia alama nyeusi ambayo haikutoka hata kwa kufuliwa.

Halafu kulikuwa na vikabari vyembamba vya chuma alivyovisukuma kati ya springi na ekseli, ili pini za magurudumu zilale nyuma kidogo, kama mtu aliyeegemea kiti baada ya kushiba. Bila hivyo, alisema, usukani hauwezi kurudi katikati wenyewe, na dereva atapigana nao njia nzima. Nilimwambia mimi pia nimeolewa na kitu cha namna hiyo. Alicheka mpaka akajigonga kichwa.

Ubaya ulikuwa mmoja. Springi za gari la mikate zilikuwa ndefu, na gari la Mhindi, lililokuwa limezoea kutembea limeinamisha kichwa kwa adabu, sasa liliinua pua juu kama limesikia harufu ya nyama choma. Fundi alilitazama siku nzima. Jioni akatangaza kwamba magari yote yangepaswa kutengenezwa hivyo tangu mwanzo.

Siku moja kabla ya Ijumaa mvua ilinyesha, maji yakaja. Tuliacha kila kitu, tukasukuma magari ya watu kwenye mwinuko wa barabara, mimi na mume wangu na wauza mihogo, na Fundi akiwa ndani ya maji mpaka mapajani, akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia kwa sababu ya radi, ambayo kila ilipolia naye alipiga kelele.

Ijumaa jua lilitoka. Gari jeusi lilikuwa chini, juu ya magurudumu yake manne, limefutwa, pua juu. Fundi alikuwa amekaa kwenye debe akila ndizi. Saa nane kamili Afande aliingia uwanjani na askari wawili wenye bunduki.

"Funguo," akasema, akanyoosha mkono.

Fundi alisimama. Alianza kutoa funguo mfukoni, kisha nikaona mkono umesimama. Aliangalia gurudumu la kushoto. Aliangalia buti za Afande. Akarudisha funguo mfukoni.

"Hapana," akasema.

Cherehani yangu ilisimama, ingawa sikumbuki kuondoa mkono. Mwuza mihogo aliyekuwa akipita aligeuka na kurudi alikotoka. Katika miaka yote ya serikali ile sikuwa nimesikia mtu akimwambia mwanajeshi neno hilo uso kwa uso.

"Wewe nasema nini?" Afande akauliza kwa ile sauti yake ndogo.

"Nasema hapana, afande. Gali bado."

"Gari iko chini. Magurudumu iko. Mimi naona."

"Afande anaona. Mimi ninajua. Gali hii haitoki."

Askari mmoja alishusha bunduki begani. Niliona macho ya Fundi yakikimbilia chini ya gari lililokuwa karibu, na kila mtu aliyaona, hata Afande. Lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Piga kama unapiga," Fundi akasema. "Rakini ukishanipiga, usipande gali hii. Nakuomba. Tafuta ingine."

Nilikuwa na mawazo ya kijinga. Nilifikiri juu ya ule uzi wangu mwingi uliokuwa bado umefungwa kwenye ekseli, na kwamba nisingethubutu kuuchukua kutoka karibu na maiti.

Afande aliitazama pua ya gari. Kisha akaangalia saa yake. "Muda gani?"

"Saa moja."

"Moja," Afande akasema, akamwashiria askari arudishe bunduki. Akavuka mabati, akaja barazani kwangu, akaketi kwenye kigoda cha wateja, magoti yake yakafika karibu na kidevu. Akaomba chai. Nilimpa kikombe.

"Sukari?"

"Hakuna, afande," nikasema, na mdomo, nisijue umetumwa na nani, ukaongeza, "nchi nzima hakuna."

Alinitazama. Nikahesabu watoto wangu: mmoja ndani, mmoja shuleni.

"Mama yangu nasema hivyohivyo," akasema, akainywa chungu.

Fundi alikuwa chini ya gari. Tulisikia spana ikigonga, pumzi, spana tena. Kabla saa haijaisha alitoka, akajifuta, akatoa funguo. Lakini Afande hakuzipokea. "Wewe nakaa mbele na mimi," akasema. "Kama gari nakufa, sisi mbili nakufa."

Nilimwona Fundi akitafuta kopo kwa macho. Halikuwa karibu. Aliingizwa kwenye kiti cha mbele, gari likaguna, likatoka uwanjani pua juu kuelekea Kalerwe, na nilikaa nikiwa na kikombe mkononi nisijue nikioshe au nimwite mkewe.

Walirudi baada ya nusu saa. Afande alikuwa akicheka. Sikujua kwamba uso ule unaweza kucheka; alionekana mdogo, kama mtoto wa shule. Fundi alikuwa na rangi ya majivu, na tai ilikuwa imelowa. Gari lilikwenda vizuri, wakasimulia baadaye wauza nyanya wa Kalerwe, isipokuwa pale sokoni mlango ulifunguliwa kwa pupa, na mzee mwenye tai akainama, akaacha ndizi zote alizokula mbele ya mafungu yao, huku kapteni wa jeshi akipiga usukani kwa kicheko. "Fundi ya magari!" alikuwa akisema. "Fundi ya magari hapana weza gari!" Nadhani hapo ndipo ile hapana iliposamehewa.

Mtaa mzima ulimfanya shujaa. Fundi aliyekuwa akimkimbia bata, sasa watu walimsimulia kama simba. Jumapili baada ya ibada alikuja barazani kwangu, akakaa kwenye kigoda kilekile, akaanza kupanga vifungo vyangu kwa ukubwa, nikajua ana jambo.

"Nirisahau," akasema.

"Ulisahau nini?"

"Borti. Zire za kufunga springi na ekseri. Upande wa kuria nirikaza. Upande wa kushoto nirizungusha kwa vidole tu, mvua ikaja, nikaenda kusukuma gali. Nirikumbuka niripoona mkono wa Afande."

Niliweka nguo chini. "Kwa hiyo ile hapana..."

"Ungetaka niseme nini, nnyabo? Samahani afande, nimesahau kukaza gali yako? Angenipiga kwa usahaurifu. Afadhari kunipiga kwa kiburi."

Nilicheka, nikashindwa kujizuia, naye akacheka kidogo. Kisha nikamwuliza lile ambalo mtu hakupaswa kuuliza wakati ule, na niliangalia barabarani kwanza. Angeweza kutoa funguo na kunyamaza. Afande asingefika mbali. Ekseli ingehama kwenye kona yoyote, na pale Bwaise tu ninawajua wajane watatu ambao wangepiga magoti kushukuru.

"Nirifikiri," akasema. "Nisikudanganye. Nirifikiri kwa muda wa pumzi mbiri."

"Halafu ukamfikiria mama mgonjwa."

"Hapana!" Alikasirika kweli. "Simjui huyo mama. Niriona ekseri yangu imerara balabalani, watu wameizunguka, mmoja anauriza: nani alifunga hii?"

Mpaka leo sijui kama alisema kweli, au aliona haya kuonekana mtu mwema. Alikuwa na majivuno ya kutosha kwa hilo la kwanza. Lakini nilimwona wiki mbili baadaye, gari jeusi lilipopita polepole na bibi kizee mwenye kitambaa cheupe kwenye kiti cha nyuma, ameketi wima, akipungia mkono mitaa yote kama mgeni wa serikali. Fundi alitoka chini ya gari akasimama barabarani. Hakuangalia magurudumu. Alimwangalia yule bibi mpaka alipopotea. Aliporudi nikamwuliza mbona macho yamelowa. Akasema ni petroli.

Bibi alimletea kibuyu cha simsim iliyosagwa. Afande alimletea maafisa wenzake, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Uwanja ulijaa magari ya jeshi, na huwezi kumwambia mwanajeshi hapana mara mbili. Buti zilikuwa nyingi mno kwa miguu kujificha. Majirani waliomwita simba walianza kupita upande wa pili wa barabara. Mkewe aliniambia kwamba mumewe alikuwa hapati usingizi. Mimi mwenyewe, nakiri, nilihamisha cherehani ndani kwa miezi kadhaa, nikamwambia ni kwa sababu ya vumbi. Hakuuliza zaidi. Alirudisha mabati yake hatua moja upande wake, bila mvua yoyote kunyesha.

Serikali ilipoanguka na mizinga ikaacha kulia, wanajeshi walikimbilia kaskazini na kila kilichokuwa na magurudumu. Mtu mmoja alisimulia kwamba aliliona gari jeusi njia ya Gulu, limejaa magodoro mpaka kwenye paa. Fundi alitaka kujua jambo moja tu: magodoro yalipangwa mbele, juu ya ekseli yake, au nyuma?

Siku ya pili vijana walikuja kwenye gereji. Walikuwa kama ishirini, baadhi yao nimewashonea kaptura za shule. Walisema huyu ndiye aliyewatengenezea wauaji magari. Fundi alisimama mlangoni na ovaroli yake, na safari hii sauti haikuja. Nilisubiri ije. Haikuja. Basi nikavuka mimi, nikiwa na mkasi mkononi kwa sababu nilisahau kuuweka chini, nikawaambia ndiyo, alitengeneza. Alitengeneza pia gari la maiti la kanisa lililowazika baba zenu, na pampu ya maji mnayochotea, na aliyewasukumia mama zenu vitu mafuriko yalipokuja ni nani? Sikuwa na hotuba. Mkasi ulisaidia kidogo.

Hawakumgusa. Vyombo walivichukua vyote: mnyororo, spana, mashine ya kuchomelea. Fundi aliwatazama wakitoka navyo, na alipomwona mmoja amebeba jeki kubwa kwa upande wa kichwa, akashindwa kuvumilia. "Geuza hiyo," akasema. "Itakuangukia mguu." Kijana akaigeuza, akasema asante ssebo, kama anayemshukuru bwana mkubwa, akaondoka nayo.

Wiki hiyohiyo yeye na mkewe walihama. Sikuambiwa walikokwenda, na katika siku zile mtu hakusisitiza kujua.

Miaka saba ilipita kabla sijamwona tena. Nilikuwa nimekwenda Ggaba asubuhi kununua sangara wa sherehe, binti yangu alikuwa anaolewa, na mwanamke aliyenipimia samaki alikuwa na kidevu ninachokijua. Alikuwa binti yake. Fundi alikaa nyuma ya kibanda, kivulini, fimbo kati ya miguu. Macho yalikuwa na ukungu lakini alinijua nilipofungua mdomo, akasema bado ninaimba. Mkewe alikuwa amefariki. Tulikula samaki, tukaongea mpaka jua likawa kali, hasa juu ya watu waliokufa, na alinipa habari zao kama orodha ya magari: nani alianza kuvuja wapi.

Alisisitiza anisindikize mpaka kwenye stendi ya teksi, yaani vile vibasi vya abiria. Teksi ya kwanza ilikuwa karibu kujaa, nikaweka kapu langu mlangoni. Fundi akanipa fimbo nimshikie, akapiga magoti kwenye vumbi, goti moja kisha la pili, akaingiza kichwa chini ya gari. Utingo akauliza mzee ameangusha nini. Fundi akatoka.

"Si hii," akaniambia.

Nikatoa kapu. Ya pili, aliinama, akaonja kitu kwa ncha ya kidole akatema. "Breki inavuja." Dereva alimtukana. Ya tatu aliigonga tairi tu, akageuka. Nilimwambia, "Fundi, samaki wataoza," akasema samaki wameshakufa, hawana haraka.

Ya nne alikaa chini yake muda mrefu. Abiria walilalamika. Alipotoka nilimshika mkono kumwinua, na alikuwa mwepesi kuliko kapu langu. Akajipangusa magoti, akaenda kwenye dirisha la dereva.

"Kijana," akasema, "huyo wa samaki ni mtu wangu. Nimekutazama."

Nikapanda. Gari lilipoondoka niligeuka kumpungia mkono, lakini hakuwa akinitazama. Alikuwa ameinama katikati ya barabara, mikono juu ya magoti, kichwa karibu kigusane na lami, akikazia macho yake yenye ukungu magurudumu yetu yalivyokuwa yakizunguka, na magari ya nyuma yote yalikuwa yakimpigia honi aondoke.